Je, Wajua? Kaya Moja, Milango Mingi

Je, wajua kwamba ukitoka Kigoma mjini kwa barabara ya lami, Kidahwe ndipo dereva anapochagua njia? Mkono mmoja unakwenda Kasulu, Kibondo na kutokea Nyakanazi. Mwingine unaelekea Uvinza na Tabora. Magunia ya mihogo, madumu ya mawese, mabasi na magari ya mashirika yanayohudumia wakimbizi, yote hupita hapo. Leo safu hii haiendi Ujiji kwa Livingstone. Mzee yule ameandikwa vya kutosha. Tunabaki Kidahwe, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, tukiifuata shilingi ya umma. Inapotakiwa kuifikia familia yenye shida nne au tano kwa mpigo, hupitia mlango gani?

Tuipe familia hiyo sura. Ni ya kubuni, ingawa mtendaji yeyote wa kijiji atakwambia anaijua. Bibi wa miaka 67 analea wajukuu. Binti mkubwa ana miaka 17, aliacha shule kwa ujauzito na sasa ana mtoto wa mwaka mmoja. Mvulana wa miaka 9 hatembei tangu azaliwe. Wawili wako shule ya msingi. Baba yao yuko mwaloni huko kusini mwa ziwa, anafuata dagaa. Jumla watu 7.

Je, wajua kwamba watu hao 7 wanagusa wizara na ofisi kadhaa za Serikali? Ruzuku ya kaya maskini iko TASAF, chini ya Ofisi ya Rais. Zahanati na shule ziko TAMISEMI, huku sera za matibabu zikiwa Wizara ya Afya na mitaala Wizara ya Elimu. Ulinzi wa mtoto na ustawi wa wazee viko kwenye wizara ya maendeleo ya jamii. Masuala ya watu wenye ulemavu yamekaa miaka mingi Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila ofisi ina bajeti yake, fomu yake na tarehe yake ya kufunga hesabu. Bibi ana miguu miwili.

Je, wajua TASAF ilianza lini? Mwaka 2000. Awamu mbili za mwanzo zilijulikana zaidi kwa majengo: madarasa, zahanati, visima. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa Agosti 2012 na Rais Jakaya Kikwete, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020 na Rais John Magufuli.

Na kabla ya hapo palikuwa na jaribio. Lilifanyika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha: vijiji 80, na 40 kati ya hivyo vikachaguliwa kwa bahati nasibu kuanza kupokea ruzuku mwaka 2010. Watafiti walitaka kujua fedha inakwenda wapi. Wapo waliotabiri pombe. Kilichoonekana ni kwamba kaya zilizopokea zilielekea zaidi kuwanunulia watoto viatu na kukata bima ya afya, yaani kadi ya CHF. Hebu tulia hapo kidogo. Serikali ilitoa fedha kutoka mfuko mmoja, mama akaichukua na kuipeleka mfuko mwingine wa Serikali hiyohiyo. Kuunganisha mifuko, jambo ambalo wataalamu huliandalia semina ya siku tatu, mama alilimaliza kwenye dirisha la zahanati.

Je, wajua ruzuku yenyewe ilipigwaje hesabu? Katika awamu ya kwanza ya mpango, kaya iliwekewa Sh 10,000 za msingi kwa mwezi. Ikiwa na watoto iliongezewa 4,000. Ikiwa na mtoto mchanga anayehudhuria kliniki, 4,000 nyingine. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi alileta 2,000, na wa sekondari zaidi ya hapo. Kiwango cha juu kilikuwa Sh 38,000 kwa mwezi, na malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili.

Sasa ipigie hesabu kaya ya bibi yetu: 10,000, na 4,000, na 4,000 za mtoto wa binti, na 4,000 za wanafunzi wawili. Jumla 22,000 kwa mwezi. Umemwona yule wa miaka 9? Hayumo. Kwa kuwa hatembei, haendi shule. Kwa kuwa haendi shule, hakuna 2,000 yake. Yeye ndiye anayeigharimu kaya kuliko wote, na kwenye hesabu hiyo ndiye aliyeleta kidogo kuliko wote. Kipindi cha pili cha mpango kilirekebisha kwa kutambua ulemavu katika kukokotoa ruzuku. Ni marekebisho ya haki, na yalichelewa.

Je, wajua nani anaitaja kaya kuwa maskini? Huanzia kwenye mkutano wa kijiji. Wanakijiji wenyewe hutaja majina hadharani, kisha dodoso hujazwa nyumba kwa nyumba, majibu hupigiwa hesabu kwa kompyuta, na orodha hurudi kijijini kuthibitishwa. Ukitaka kujua undani wa kijiji, hudhuria siku hiyo. Kuna watu hukasirika kwa kuachwa na wengine hukasirika kwa kutajwa.

Kwa haraka: sharti la mahudhurio ya shule kwa mtoto wa kaya ya mlengwa ni asilimia 80 ya siku za masomo.

Je, wajua kwamba kadi ya CHF iliyoboreshwa iliwekewa bei ya Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6? Bibi yetu ana kaya ya watu 7. Hata tukimwondoa baba aliyeko mwaloni, kadi imejaa pomoni, na baba akirudi na homa atalipa taslimu. Hayo ni mambo madogo yanayoonekana tu ukikaa kwenye mkeka wa mtu na kuhesabu vichwa.

CHF hiyo, wajua, haikuzaliwa Dar es Salaam. Ilijaribiwa kwanza Igunga, mkoa jirani wa Tabora, katikati ya miaka ya 1990, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Ndani yake kulikuwa na utaratibu mzuri ulioitwa tele kwa tele: wananchi wakichanga shilingi, Serikali inaongeza shilingi. Huo ni mfuko wa pamoja kwa maana kamili. Ubaya wake ni kwamba wilaya yenye watu wenye uwezo wa kuchanga ndiyo inayovuta nyongeza kubwa. Wilaya ya maskini hubaki na tele ndogo kwa tele ndogo.

Je, wajua bibi hatakiwi kulipa kitu? Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bure kwenye vituo vya umma. Kadhalika mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5. Swali ambalo halitajwi dirishani ni nani anayelipa. Mara nyingi msamaha wa matibabu haufuatwi na fedha ya kuufidia, kwa hiyo gharama inabaki kwa zahanati. Ndiyo maana mzee huambiwa kuonana na daktari ni bure, dawa akanunue nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kuliziba pengo hilo: inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na kati ya vyanzo vyake vimo sehemu ya ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Kila chupa ya soda inayofunguliwa Kidahwe itakuwa na sehemu ndogo ya bibi.

Je, wajua kuhusu asilimia 10? Kila halmashauri nchini inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zamani lilikuwa agizo tu, na halmashauri zilijitetea kila mwaka. Tangu 2018 limo ndani ya sheria ya fedha za serikali za mitaa. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ripoti za vikundi hewa na marejesho yasiyorejeshwa. Iliporudishwa mwaka uliofuata, halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, na Manispaa ya Kigoma/Ujiji ilikuwa mojawapo, pamoja na majiji ya Dar es Salaam na Dodoma.

Ila tusidanganyane. Asilimia 10 ya mapato makubwa ni fedha. Asilimia 10 ya ushuru wa mawese na mihogo ni nyingine. Kadhalika, mkopo ni mkopo. Unafaa kununulia mashine ya kukamua mawese, haufai kununulia kiti cha magurudumu cha mtoto wa miaka 9, maana kiti hakizalishi marejesho.

Halmashauri zilipata pigo jingine ambalo vijana wengi hawalikumbuki. Hadi mwaka 2003 zilikusanya kodi ya maendeleo, ile iliyowafanya wanaume kulala porini mgambo wakipita. Ilipofutwa, watu walishangilia, na kwa haki kabisa. Lakini chanzo ambacho halmashauri ilikuwa huru kukipangia kilikwenda nayo. Kinachobaki leo kwa sehemu kubwa hutoka Hazina kikiwa tayari kimeandikwa kasma. Fedha ya chanjo ni ya chanjo. Fedha ya vyoo vya shule ni ya vyoo vya shule. Mkurugenzi hawezi kuamka asubuhi akachota kwenye vyoo akampa bibi, na akifanya hivyo, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, atamwandika.

Je, wajua kuna Sh 1,000 yenye jina la mtoto? Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan. Kila halmashauri ilitakiwa kutenga angalau Sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Elfu moja haijazi kikapu, lakini ilileta kitu kilichokuwa adimu: afisa lishe, afisa kilimo, afisa elimu na afisa maendeleo ya jamii walilazimika kukaa meza moja na kuulizwa wote kuhusu fungu moja, na mkuu wa mkoa anapimwa kwalo. Mkataba ulitiwa saini upya mwaka 2022, mara hii mbele ya Samia akiwa Rais.

Na meza nyingine? Zipo, nazo ni nyingi. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, uliunganisha mipango 8 iliyokuwa ikienda kila mmoja njia yake, na ukaunda kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo ina kamati zake hadi kijijini. Programu ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ikaweka pamoja afya, lishe, malezi, ujifunzaji na ulinzi. Hesabu viti: mtendaji wa kijiji ni mjumbe hapa, mwalimu mkuu ni mjumbe hapa na pale, mhudumu wa afya ni mjumbe kote. Mara nyingi ni watu walewale kwenye benchi lilelile, wakibadilisha daftari la mahudhurio tu. Kamati zimeungana kwa sababu kijiji ni kidogo. Kasma hazijaungana.

Ndipo unapomkuta bibi yetu ofisini, na kijana wa mezani anamjibu kwa adabu: “Bibi yangu, shikamoo. Hili la mtoto kutotembea si letu, ni la Ustawi.” Na afisa wa Ustawi wa Jamii yuko makao makuu ya halmashauri, nauli ya kwenda na kurudi ni ya bibi.

Je, wajua sheria inasemaje juu ya hilo? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mamlaka ya serikali za mitaa yenyewe wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake. Haisemi idara gani, inasema mamlaka. Kwa maana hiyo “si letu” ni jibu lisilo na kifungu.

Binti wa miaka 17, kwa taarifa yake, ana mlango uliofunguliwa Novemba 2021: tangu waraka wa mwezi ule, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Ruhusa ni ya elimu. Atakayemshika mtoto wakati wa vipindi si kasma ya yeyote.

Je, wajua pia kwamba baba yule wa mwaloni ana mwaka aliokosa kipato kwa amri? Tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 shughuli za uvuvi zilisitishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Hatua ilikuwa ya lazima. Migebuka ilikuwa imepungua. Miezi mitatu hiyo, ruzuku ya bibi ndiyo iliyokuwa mshahara wa nyumba nzima.

Sasa, je, Tanzania haijawahi kuunganisha fedha kweli? Imewahi, tena mapema. Mwaka 1999 ulianzishwa Mfuko wa Pamoja wa Afya: wafadhili kadhaa waliacha kuendesha kila mmoja mradi wake wilayani, wakaweka fedha chungu kimoja, na halmashauri zikagawiwa kwa kanuni moja inayotazama idadi ya watu, umaskini na umbali. Mwaka 2017/18 ikaongezwa hatua ambayo naiona bora kuliko yote: fedha hiyo ikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo. Mganga mfawidhi na kamati yake wakapata kitu cha kuamua.

Na mwaka 2007 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 8 zilizojaribu kuyafanya mashirika ya Umoja wa Mataifa yatende kama shirika moja, yakiwa na mfuko mmoja. Uzoefu huo ulizaa Programu ya Pamoja ya Kigoma mwaka 2017. Mashirika 16 ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Serikali na wafadhili wakiwemo Norway na Korea Kusini, yalikubaliana kuutazama mkoa kwa ujumla wake: kilimo, maji, elimu ya wasichana, nishati, ajira za vijana, ukatili. Sababu ilikuwa barabarani, pale njia panda. Tangu miaka ya 1990 misaada ilikuwa ikipita Kidahwe kwenda makambini: Nyarugusu iliyofunguliwa 1996, kisha Nduta na Mtendeli zilipofunguliwa tena baada ya wimbi la Warundi la 2015. Wenyeji walikuwa wakiyatazama malori. Programu ilianza kwa uzito kwenye wilaya zenye makambi, Kakonko, Kibondo na Kasulu, na hoja yake ni nyepesi: mwenyeji na mgeni wanaokota kuni msitu mmoja.

Tukirudi nyuma kidogo, je, wajua kwamba sokwe waliwahi kulifikisha wazo hili pwani ya ziwa kabla ya Umoja wa Mataifa? Mwaka 1994 taasisi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall ilianzisha TACARE katika vijiji vilivyo kati ya Kigoma na Gombe. Ilikuja na miche ya miti. Wanakijiji wakasema wana shida ya maji, zahanati, shule na mikopo. Mradi wa miti ukageuka mradi wa visima, uzazi wa mpango, ufadhili wa masomo kwa wasichana na vikundi vya kuweka na kukopa. Fedha ya hifadhi ikalipia mambo ya familia, na misitu ya vijiji ikaanza kurudi.

Tutoke nje kidogo, tusikae kama ziwa halina ng'ambo. Brazil, Oktoba 2003, iliunganisha ruzuku 4 tofauti, za shule, chakula, lishe na gesi ya kupikia, ikazifanya moja: Bolsa Família. Jimbo la Virginia, Marekani, tangu 1993 limeweka pamoja mafungu 8 yaliyokuwa ya idara mbalimbali, na timu ya kila eneo huamua mtoto fulani na familia yake wapewe nini. Zanzibar ilikwenda njia nyingine mwaka 2016: ikawapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi Sh 20,000 kwa mwezi, bila dodoso. Hapakuhitajika mkutano wa kutajana majina.

Na Uingereza? Huko kuna somo lenye meno. Mwaka 2012 walianza mpango wa kuzisaidia familia 120,000 zenye shida nyingi kwa pauni milioni 448. Halmashauri zililipwa hadi pauni 4,000 kwa kila familia iliyobadilika. Ilipofika 2015 zilitangaza kuwa zaidi ya familia 116,000 zimebadilika, karibu zote. Oktoba 2016 ikatoka tathmini huru: hakuna tofauti ya maana iliyoonekana kati ya familia zilizosaidiwa na zisizosaidiwa. Ukimlipa mtu kwa kuhesabu, atahesabu.

Mwisho wa mkupuo wa leo, mawili ya kutumia. La kwanza: Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, mtoto wa Buhigwe, mkoa huuhuu, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii: zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5, wawili kila kitongoji na mtaa, mwanamke na mwanamume. Kati ya wote tuliowataja, hao ndio wanaoweza kumfikia bibi bila yeye kulipa nauli. La pili: mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Bajeti ya halmashauri huanza 1 Julai, madiwani huijadili kati ya Januari na Machi, kwa hiyo jambo la kiti cha magurudumu linafaa kuwa kwenye muhtasari wa kijiji kabla ya Desemba.